Iligongwa, ikatengenezwa, ikang'arishwa: je, bado italinda familia yangu?

"Nimepata sedani ya kifahari ya miaka minane, injini ya silinda nane, nguvu farasi zaidi ya 500. Ilipokuwa mpya ilipewa nyota tano za usalama. Muuzaji hakunificha kitu: iligongwa mbele upande wa dereva, mifuko ya hewa ikafunguka, ikatengenezwa, na kwa macho haionyeshi alama hata moja. Nina watoto wawili, wa miaka 2 na wa miaka 6. Mke wangu anataka tuchukue gari la kawaida, jipya zaidi. Mimi naona hili ni zito, lina mifuko ya hewa tisa, breki kubwa na kompyuta za kulishika barabarani, kwa hiyo hata tukitembea kasi tuko salama kuliko kwenye kagari kepesi. Kaka yangu anatucheka sote. Anasema magari ya siku hizi yanabonyea kama kopo, ya zamani ndiyo yalikuwa chuma. Nani yuko sahihi?"

Ndugu yangu, humu umefunga maswali matatu katika furushi moja. La kwanza, kama gari linalobonyea ni gari dhaifu. La pili, kama uzito, breki na kompyuta vinakupa nafasi ya kukimbia zaidi. La tatu umelipitia haraka kana kwamba ni dogo: gari ambalo kinga yake ilishatumika mara moja, je, bado linayo? Nimekagua magari yaliyotoka kwenye ajali kwa miaka mingi, na kila ninaposikia kwamba gari lililofungua mifuko ya hewa halionyeshi alama hata moja, huwa situlii. Kwa hiyo hilo la tatu nitalikalia zaidi.

Nianze na kaka yako. Mwaka 2009, IIHS, taasisi ya Marekani ya usalama barabarani inayogharamiwa na kampuni za bima, iligonganisha magari mawili uso kwa uso, upande wa dereva, kila moja likienda kilomita 64 kwa saa. Moja lilikuwa Chevrolet Bel Air ya 1959, chuma kitupu kama anachokisifu kaka yako. La pili lilikuwa Chevrolet Malibu ya 2009. Pua ya Malibu ilisagika, lakini chumba cha abiria kikabaki na umbo lake. Kwenye Bel Air nguvu ya mgongano ilipita moja kwa moja hadi ndani, chumba kikaporomoka, dashibodi na usukani vikamfuata sanamu wa majaribio pale alipokaa. Vipimo vilionyesha kwamba dereva wa Malibu angetoka na jeraha dogo la mguu. Wa Bel Air asingepona.

Sababu si ngumu. Gari linapogonga ukuta, gari ndilo linalosimama; wewe uliye ndani bado una mwendo wako. Lazima kitu kikusimamishe, na yote yanategemea umbali uliopewa wa kusimama. Fanya hesabu. Gari linakwenda kilomita 50 kwa saa na pua yake inabonyea sentimita 60. Aliyefunga mkanda anasimamishwa kwa nguvu ya takriban mara 16 ya uzito wake. Gari hilohilo lingekuwa gumu, likabonyea sentimita 10 tu, nguvu ingekaribia mara 100. Mwanao wa miaka 2 ana kilo 12 hivi. Hata kwenye ule mgongano wa kwanza, ule mpole, anakuwa mzito kama kilo 200. Hakuna mzazi mwenye mikono ya kumshika, hata akimpakata kwa nguvu zake zote. Kila sentimita ya boneti iliyojikunja, basi, ni sentimita waliyopewa watu walio ndani.

Wazo hilo ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Béla Barényi, mhandisi wa Mercedes-Benz, ndiye aliyelisajili mwanzoni mwa miaka ya 1950: pua na mkia wa gari viwe laini, chumba cha abiria kiwe kigumu. Gari la kwanza lenye muundo huo lilitoka 1959, mwaka uleule Nils Bohlin wa Volvo alipoleta mkanda wa ncha tatu tunaoufunga hadi leo. Yaani wakati ile Bel Air inatoka kiwandani, dawa ya ugonjwa wake ilikuwa imeshapatikana.

Sasa nikugeukie wewe. Umeandika "hata tukitembea kasi", na hapo sikubaliani nawe kabisa. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nishati ya gari huongezeka mara nne. Kwa miaka mingi, hadi 2020, jaribio kuu la mbele la Euro NCAP, mpango wa Ulaya unaogonganisha magari na kuyapa nyota za usalama, lilifanywa kwa kilomita 64 kwa saa. Ukigonga kwa 130, nishati ni zaidi ya mara nne ya ile iliyopimwa. Ukigonga kwa 200, ni karibu mara kumi. Pua ya gari ni ileile na chumba ni kilekile. Hakuna nyota iliyowahi kutolewa kwa mwendo huo, na nguvu farasi 500 haziongezi hata sentimita moja ya kubonyea.

Uzito nao una ukweli wake. Ukigongana na gari jepesi kuliko lako, jepesi ndilo linalorudishwa nyuma, na waliomo ndani yake ndio wanaoumia zaidi. Lakini ukigonga mti au nguzo ya daraja, uzito wako unakuwa mzigo wako, maana nishati yote hiyo lazima imezwe na pua yako mwenyewe.

Breki kubwa ni nzuri, na kazi yake hasa ni kustahimili joto usipoteze breki ukifunga mara nyingi mfululizo. Kinachoshika barabara ni tairi, sehemu isiyozidi sana kiganja cha mkono kwa kila gurudumu. Sedani nzuri ya aina hii husimama kutoka kilomita 100 kwa saa ndani ya mita 35 hivi. Weka na sekunde moja ya kushtuka na kupeleka mguu kwenye breki, ambayo ni mita 28 nyingine. Kwa kilomita 200 kwa saa, hesabu hiyohiyo inakaribia mita 200. Ndiyo maana nikikagua gari lenye nguvu natazama tairi kabla ya injini: tarakimu nne ubavuni zinasema wiki na mwaka wa kutengenezwa, 2318 ikiwa ni wiki ya 23 ya 2018. Nimekuta sedani za nguvu farasi 500 zimevishwa tairi kuukuu, zisizolingana mbele na nyuma.

Mfumo wa kuzuia gari kuteleza, ulioanza kuuzwa 1995 kwenye Mercedes-Benz, ni miongoni mwa vitu vilivyookoa maisha mengi zaidi barabarani. Umepunguza karibu nusu ya ajali mbaya za gari moja, zile za kuacha njia na kupinduka. Hauwezi kutengeneza mshiko usiokuwepo, lakini unao uwezo wa kugawa vizuri uliopo. Magari ya nguvu yana kitufe cha kuulegeza au kuuzima. Watoto wakiwa ndani, sahau kwamba kitufe hicho kipo.

Kuhusu nyota tano, elewa mambo mawili. Nyota hupimwa kwa vigezo vya mwaka ule, na matokeo ya mbele hulinganishwa na magari ya uzito unaokaribiana. Tena vigezo hukaza. Mwaka 2012 IIHS ilianzisha jaribio jipya ambalo robo tu ya upana wa pua ndiyo hugonga. Katika sedani 11 za kifahari zilizopimwa mwanzo, Acura TL na Volvo S60 tu ndizo zilizopata alama ya juu kabisa. Mercedes-Benz C-Class, Audi A4 na Lexus mbili zilipata ya chini kabisa. Watengenezaji wakarudi mezani wakarekebisha. Hapo mkeo ana hoja: gari la kawaida lililobuniwa baadaye linaweza kuwa limefaulu mtihani ambao la kifahari lililolitangulia halikuwahi kupewa.

Tuje kwenye gari lenyewe unalotaka kulinunua.

Mgongano wa mbele, mwanzo hadi mwisho, huchukua kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Sensa zinahisi mwendo umekatika, kompyuta inaamua ndani ya milisekunde chache. Baruti kidogo inalipuka kwenye mtambo wa mkanda, mkanda unavutwa na kukubana kitini. Mfuko wa usukani unajaa kwa muda usiofika sehemu moja ya ishirini ya sekunde, na uso wako unapoufikia tayari unatoa gesi kupitia matundu yake ya nyuma, la sivyo ungekurudisha kama mpira. Wakati huo mkanda unaanza kulegea kwa kipimo, usije ukakuvunja mbavu. Nyuma ya yote hayo kuna nguzo na vizingiti vya chuma chenye boroni, kilichopashwa joto la nyuzi 900 hivi, kikakandamizwa na kupozwa ndani ya kalibu, kikatoka na ugumu wa mara kadhaa wa chuma cha kawaida cha bodi.

Karibu kila kitu nilichokitaja hapo hutumika mara moja tu. Gari lako lilishatumia vyake. Swali ni kama aliyelitengeneza alivirudisha vyote, au alirudisha vinavyoonekana.

Kuna sedani moja siwezi kuisahau. Ngozi safi, rangi kama kioo. Niliwasha swichi, taa ya mfuko wa hewa ikawaka, baada ya sekunde chache ikazima, kama inavyotakiwa. Kompyuta ya uchunguzi haikuonyesha kosa lolote. Nilipofungua kifuniko cha usukani, mfuko haukuwepo. Palikuwa na kirezista kidogo kuliko punje ya mchele, kimezungushiwa tepu nyeusi, kimeunganishwa kwenye waya mbili zilizotoka kwenye soketi ya manjano. Kazi yake ni kuipa kompyuta ukinzani uleule ambao ingeuona kama mfuko upo. Ilidanganyika ikazima taa. Mwenye gari alikuwa amewabeba wanawe humo mwaka mzima. Alisimama kando yangu akakitazama kile kirezista, hakusema neno kwa muda mrefu.

Sisemi gari lako liko hivyo. Nasema taa iliyozima si ushahidi. Baadhi ya mambo unaweza kuyatazama mwenyewe. Vuta kila mkanda hadi mwisho wake kabisa. Karibu na ncha ya chini kwa kawaida utakuta kitambulisho kilichoshonwa chenye tarehe ya kutengenezwa. Ukikuta mkanda wa mbele una tarehe ya zamani kama gari lenyewe, na muuzaji anakiri kwamba mifuko ilifunguka, uliza mkanda huo ulinusurikaje, maana kwenye ajali ya mbele ya namna hiyo mitambo ya mikanda ya viti vilivyokaliwa kwa kawaida hulipuka nayo. Pitisha vidole kwenye kitambaa: mkanda uliobeba mtu kwenye ajali mara nyingi una mawimbi, au mng'aro wa nyuzi zilizoyeyuka pale unapopita kwenye pete ya juu. Kifuniko cha mfuko upande wa abiria kitazame kwa pembeni, mwanga ukiwa nyuma yake, uone kama dashibodi ilipasuliwa ikazibwa.

Yaliyobaki hayaonekani kwa macho, na ndiyo yanayonitia hofu zaidi. Kile chuma cha boroni fundi akikipasha moto akinyooshe, ugumu wake unapotea, rangi ikipakwa hutajua. Magari mengi ya daraja hili pia yana sehemu za alumini zilizoungwa kwa gundi maalumu na ribiti, na anayezichomelea kama bati ameziharibu. Kuna jambo ambalo hata mafundi wazuri wa bodi hulisahau: kompyuta ya mifuko imepangiwa muda kulingana na jinsi pua inavyobonyea. Pua ikiongezewa vipande vya chuma ikawa ngumu kuliko ilivyobuniwa, au ikaachwa dhaifu, mgongano unafika kwa sensa kwa namna ambayo kompyuta haikufundishwa. Mfuko unaweza kufunguka wakati kichwa kimeshafika.

Rada ya nyuma ya bampa na kamera ya kioo cha mbele nazo zinahitaji kupimwa upya baada ya matengenezo. Rada iliyopinda digrii moja tu, ikitazama mita 100 mbele, inakosea karibu mita 1.75, nusu ya njia ya gari. Breki za dharura zinazojifunga zenyewe hupunguza kama nusu ya ajali za kugonga gari la mbele, lakini si kama rada inatazama njia ya jirani.

Uliza pia mifuko iliyowekwa ilitoka wapi. Ikiwa imetolewa kwenye gari bovu, huijui historia yake. Kumbuka sakata la Takata: baruti yake ya amonia nitrati ilikuwa inaharibika kwa miaka ya joto na unyevunyevu, na mfuko ukilipuka, kopo la chuma linapasuka na kurusha vipande kwa mtu ambaye mfuko huo ulipaswa kumlinda. Makumi ya mamilioni ya magari yaliitwa kurekebishwa, yakiwemo ya kampuni za kifahari. Ipeleke namba ya chesisi kwa mtengenezaji uulize kama gari lina wito wowote ambao haujatekelezwa. Ila jua kwamba namba ya chesisi haitasema lolote kuhusu mfuko uliotoka kwenye gari jingine.

Sasa nipime pamoja nawe. Sedani ya namna hii ambayo haijawahi kugongwa, yenye tairi nzuri, ikiendeshwa kwa utulivu, ni miongoni mwa mahali salama pa kukaa barabarani, na hapo uko sahihi. Ile iliyogongwa ikatengenezwa kwa kufuata kitabu cha mtengenezaji, kwa vipuri vipya, na karatasi za kuthibitisha, inaweza kuwa karibu sawa nayo. Nimeziona, zipo. Ile iliyogongwa isiyo na karatasi iko chini ya gari la kawaida jipya zaidi, hata kama hilo lina mifuko sita na injini ndogo. Kati ya chaguo ulizoniwekea mezani, leo hii, mimi ningekwenda na mkeo. Ukilipenda mno gari la aina hiyo, tafuta jingine lisilogongwa, lisubiri.

Ukitaka kuendelea na hilihili, usilipe kabla halijaonwa na watu wawili ana kwa ana. Wa kwanza ni gereji ya bodi yenye meza ya vipimo, inayoweza kulinganisha chesisi na namba za kiwanda na kukupa ripoti kwa milimita, na kipimo cha unene wa rangi kinachosoma alumini pia. Wa pili ni fundi wa umeme aliyesomea mfumo wa mikanda na mifuko wa chapa hiyo, afungue afike kwenye mifuko yenyewe, asome kumbukumbu ya ajali kwenye kompyuta, athibitishe vipimo vya rada na kamera. Usijaribu kuifungua mwenyewe. Mle ndani kuna baruti, na inaweza kulipuka mkononi.

Muuzaji muombe leo vitu vitatu: risiti za mifuko na mitambo ya mikanda, ripoti ya vipimo vya chesisi, na picha za gari kabla halijatengenezwa. Aliyetengeneza vizuri huwa anavyo, na huvitoa bila kusukumwa. Akikujibu kwa kukuonyesha rangi, ondoka.

Kabla hujaamua gari lolote, nenda pale lilipo ukiwa na viti vya watoto. Wa miaka 2 akae nyuma, kwenye kiti kinachotazama nyuma ikiwa bado anatoshea uzito na kimo chake, kimefungwa kwenye ndoano za ISOFIX, vile vishikio vya chuma vilivyojengwa ndani ya kiti cha gari kwa ajili ya viti vya watoto. Kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Wa miaka 6 anahitaji kiti cha kuinulia chenye mgongo, ili mkanda upite kwenye bega na nyonga, si shingoni na tumboni. Sedani nyingi za kasi zina paa linaloshuka nyuma na viti vya nyuma vyenye mashimo ya kukumbatia mtu mzima, na kiti cha mtoto hukaa humo kikiyumba. Kishike kwa mkono pale kinapofungwa, ukisukume kushoto na kulia. Kikicheza zaidi ya sentimita mbili na nusu, gari hilo bado halijawafaa wanao.

Na vifuniko vya viti, vile vya kuvalisha, viache dukani: kwenye magari mengi ya aina hiyo mfuko wa ubavuni umeshonewa ndani ya kiti cha mbele, na hutokea kwa kuupasua mshono wa pembeni.